Ua la Chungu Halitakufungulia Dirisha

Siku hizi ukienda kununua ua la kuweka sebuleni, huuziwi ua peke yake, unauziwa na dawa humo humo. Utaambiwa hili linanyonya sumu, lile linatoa oksijeni usiku kucha, weka moja kila chumba na hewa ya nyumba nzima itakuwa safi. Maneno hayo yanazunguka kwenye simu, wauzaji wanayarudia, na watu makini kabisa wanayaamini. Mimi naipenda mimea ya ndani kwa dhati, na kwa sababu hiyo hiyo naona tuache kuibebesha kazi isiyoiweza.

Imani hii ina chanzo chake, na si uzushi mtupu. Mwaka 1989 mwanasayansi Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alitoa ripoti ya majaribio yake kuhusu mimea ya ndani. NASA walikuwa wakitafuta njia za kusafisha hewa mahali palipozibwa, kama ndani ya chombo cha angani, ambako hakuna dirisha la kufungua. Wolverton aliweka mimea kwenye visanduku vilivyozibwa, akaingiza kemikali za sumu kama benzini na fomaldehidi, akapima, na baada ya saa 24 kemikali zilikuwa zimepungua. Hilo ni kweli na sina ugomvi nalo. Ninachokataa ni kulitoa jibu la kwenye kisanduku na kulileta sebuleni kama lilivyo.

Kisanduku kile kilikuwa kidogo, na kemikali iliingizwa mara moja tu. Nyumba haiko hivyo. Hewa hupenya chini ya mlango, kwenye nyufa za dirisha, juu ya dari. Hata ukifunga kila kitu, hewa ya ndani na ya nje haziachi kubadilishana. Na uchafu wenyewe hauji siku moja ukaisha. Kabati jipya la mbao zilizogandishwa kwa gundi laweza kuendelea kutoa fomaldehidi kwa miezi mingi. Rangi mbichi, vanishi, manukato ya kupuliza, sabuni kali za kusafishia, kila kimoja kinaongeza chake, na kesho kinaongeza tena.

Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walizikusanya tafiti 12 za namna hiyo, zenye majaribio 196, wakapiga hesabu upya. Waliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo: ni mimea mingapi inayoweza kusafisha hewa kwa kasi ile ile ambayo hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo tayari inaisafisha? Jibu lao lilikuwa kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Chukua chumba cha mita za mraba 12. Kwa makadirio ya chini kabisa kingehitaji vyungu 120, na hapo hata pa kupitisha mguu hapabaki. Vyungu viwili vya dirishani havifiki popote karibu na hesabu hiyo.

Jambo jingine linalonisikitisha ni kwamba Wolverton mwenyewe hakutegemea majani peke yake. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye mizizi na udongo, pamoja na vijidudu vinavyoishi humo, na akapendekeza feni ya kuvuta hewa ipite kwenye mizizi kupitia kichujio cha mkaa maalumu. Feni na kichujio vimeachwa njiani, likabaki ua.

Habari ya oksijeni ya usiku nayo haina uzito. Mtu mmoja hutumia takriban lita 550 za oksijeni kwa siku, na chungu kimoja hakiwezi kuongeza kiasi cha maana juu ya hewa iliyomo chumbani. Wanaoogopa kwamba ua litawanyang'anya oksijeni wakilala nao watulie: linachotumia usiku ni kidogo mno, anayelala pembeni yako anatumia zaidi.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu faraja ya uongo ina gharama. Mzazi mwenye mtoto wa pumu anayenunua ua la sansevieria akaamini amemaliza kazi, huku ukungu mweusi unaendelea kutambaa kwenye kona ya ukuta na mtu anavuta sigara chumba cha pili, hajasaidiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na kadhalika, ulihusika na vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Jiko la mkaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Hakuna ua duniani la kumwokoa mtu hapo.

Kinachosaidia ni kuondoa chanzo, kisha kuipitisha hewa. Moshi na sigara vitoke nje. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo upite moja kwa moja, hasa wakati wa kupika na baada ya kupaka rangi. Kama nje kuna vumbi au moshi mwingi, chagua saa ambazo hewa imetulia, au ukiweza tumia mashine yenye kichujio cha chembechembe. Penye unyevu, ziba panapovuja. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu.

Basi mimea ibaki? Ibaki, tena iongezwe! Chumba chenye kijani kinapendeza, na kumwagilia asubuhi, kufuta majani vumbi, kuona chipukizi jipya likifunguka, ni mambo yanayonituliza mimi kuliko mengi ninayoyafanya siku nzima. Hiyo ni sababu tosha ya kununua ua, na muuzaji anaweza kuisema bila kuongeza chumvi. Ila usimwagilie kupita kiasi, maana udongo usiokauka huota ukungu, na hapo chungu kinaichafua hewa uliyotaka kuisafisha. Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka, uliza jina la mmea kabla ya kulipa: dieffenbachia, inayopendwa kwa majani yake yenye madoa, huwasha na kuvimbisha mdomo na ulimi ikitafunwa, kwa hiyo iweke juu wasikofika au chagua mmea mwingine.