Sadaka za Ulaya katika misioni za Marekani: nani alipewa hesabu?

Hadi mwaka 1908 Kanisa Katoliki la Marekani lilihesabiwa rasmi kuwa Kanisa la misioni, likisimamiwa na Propaganda Fide, idara ya Roma iliyoshughulikia nchi za misioni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 maaskofu na mapadre wake walivuka Atlantiki kwenda miji ya Ulaya kama Lyon ya Ufaransa, Vienna ya Austria na Munich ya Bavaria kuomba fedha, vitabu, vyombo vya altare na vijana wa kuwasaidia kazi. Wapo wanaoona kuwa kuomba huko ndiko kulikolisimamisha Kanisa hilo, na wapo wanaoona kuwa kulilifunga kwa wafadhili wake. Pande zote mbili zina hoja za kusikilizwa, ingawa naamini kuna mtu wa tatu ambaye mjadala huu umezoea kumsahau.

Tuanze na mahitaji, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Louis Dubourg, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Louisiana mwaka 1815, alikabidhiwa eneo kubwa mno lenye mapadre wachache. Serikali ya Marekani haikulipa mishahara ya makasisi, na waumini wengi wa Kikatoliki waliokuwa wakihamia nchini humo walikuwa Waairishi na Wajerumani waliofika mikono mitupu. Askofu huyo aliomba msaada Lyon, na mwaka 1822 Shirika la Uenezaji wa Imani likaanzishwa katika mji huo, likifuata utaratibu ambao Pauline Jaricot, mwanamke wa Lyon, alikuwa ameuanza miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya hariri: watu kumi kumi, kila mmoja akitoa sou moja kwa wiki, na kiongozi wa kila kundi akizikusanya na kuzipeleka mbele. Sou ilikuwa sarafu ya Kifaransa yenye thamani ndogo sana, lakini makusanyo ya mwaka wa kwanza yaligawanywa mafungu matatu, na mawili kati ya hayo yalivuka bahari kwenda Louisiana na Kentucky. Waswahili husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili sikubaliani na methali hiyo, kwa maana hapa maskini walikuwa wakiwasaidia maskini wenzao.

Upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Mwaka 1829 Padre Frederic Rese, aliyetumwa na Askofu Fenwick wa Cincinnati, alifanikisha kuanzishwa kwa Shirika la Leopoldina jijini Vienna, kwa idhini ya Kaisari Francis I. Kwa Waprotestanti wengi wa Marekani, fedha zilizotoka katika milki ya Austria zilinukia siasa. Samuel Morse, anayejulikana zaidi kwa telegrafu, alichapisha kitabu mwaka 1835 akidai kwamba shirika hilo lilikuwa njama ya wafalme wa Ulaya ya kuipindua jamhuri. Hofu ya namna hiyo haikuishia katika maandishi, kwani mwaka mmoja kabla ya hapo nyumba ya watawa Waursula huko Charlestown, karibu na Boston, ilikuwa imechomwa moto na umati wa watu. Madai ya Morse yalipita kiasi. Hata hivyo mfadhili hakukosa matakwa yake: Mfalme Ludwig I wa Bavaria, ambaye chini yake shirika lingine lilianzishwa Munich mwaka 1838, alitaka Wajerumani waliohamia Marekani wabaki Wajerumani kwa lugha na desturi, naye alimsaidia sana Boniface Wimmer, mmonaki Mbenedikto aliyekwenda Pennsylvania mwaka 1846. Ukiomba kwa mfalme, hupokei dhahabu peke yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Frederic Baraga, padre Mslovenia aliyefika Marekani mwishoni mwa mwaka 1830 na kufanya kazi kati ya Waottawa na Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Alitembea masafa marefu msituni wakati wa baridi akiwa amevaa viatu vya theluji, kisha akaandika barua Vienna akieleza safari, njaa na idadi ya waliobatizwa, nazo zikachapishwa ili wasomaji waendelee kutoa. Padre huyohuyo alitoa sarufi ya lugha ya Waojibwe mwaka 1850 na kamusi yake mwaka 1853, kamusi ambayo wanaojifunza lugha hiyo wanaifungua hata leo. Kazi hiyo ni ya thamani isiyopimika. Lakini barua ya kuomba ina sheria zake: lazima imwoneshe mhitaji akiwa katika giza, na lazima ioneshe kuwa sadaka iliyopita imezaa matunda yanayohesabika. Mwojibwe aliyeelezwa katika barua hizo hakuwa na nafasi ya kuzisoma kabla hazijachapishwa, sembuse kuzisahihisha.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa zaidi. Kuomba kulikuwa halali, na wengi wa walioomba walikuwa waaminifu kwa wafadhili wao. Hesabu, hata hivyo, ilipelekwa Lyon na Vienna. Haikupelekwa kwa wale ambao sadaka iliombwa kwa jina lao. Haikupelekwa pia kwa Waafrika waliokuwa watumwa katika seminari ya Perryville, Missouri, ndani ya eneo lilelile alilosimamia Dubourg, ambao jasho lao liliijenga misioni sawasawa na sou za wasichana wa viwandani.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Wamarekani waliopokea sadaka hizo walianzisha baadaye shirika la Maryknoll, mwaka 1911, na wamisionari wake walifika Musoma mwaka 1946. Siku hizi padre kutoka jimbo la Tanzania au Kenya husimama katika parokia ya Marekani baada ya Injili, akieleza shida za kisima na zahanati ya kijijini kwao, huku picha zikipitishwa kutoka benchi hadi benchi. Ningependa picha hizo, na maneno yanayoambatana nazo, zianze kupitishwa kijijini, mbele ya akina mama wanaochota maji katika kisima hicho, wakiwa na haki ya kusema kwamba hivi sivyo.