Suti ya Gikomba

Muuzaji wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, aliniambia ile suti ni ya pikipiki. Mpira mweusi mtupu, mikono mirefu, zipu ndefu. "Mvua ikikupata na hii unaicheka tu," akasema. Nikaibonyeza kwa kidole, ikarudi polepole kama andazi lililoumuka vizuri. Unene milimita 5. Palepale nikajua kijana hajui anachouza: hii ni suti ya kuzamia, nami baada ya wiki tatu nilikuwa naenda Diani, pwani, kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nikatoa shilingi 1,200 bila kubembeleza bei, nisije nikamshtua. Hadi stendi ya matatu nilikuwa nacheka peke yangu kama mwizi.

Suti ya kuzamia haizuii maji. Huyaruhusu yaingie kidogo tu, yakae kati ya mpira na ngozi, mwili uyapashe joto. Ndiyo maana lazima ibane. Ikilegea, maji baridi yanaingia na kutoka, na kazi yake imekwisha. Kuivaa basi kunataka watu wawili, au mtu mmoja na karatasi ya plastiki: unaivaa mguuni kama soksi, mguu unateleza, ukitokeza chini unaivua. Ujanja mzuri sana, ila Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Nilipekua nyumba nzima. Kilichobaki halali ni karatasi ya mkate. Nikamwaga slesi kwenye sahani, nikavaa mkate mguuni.

Hatua nyingine zote nilizijua. Unaikunja suti hadi kiunoni. Unavuta kwa nyama ya vidole, si kucha, maana kucha huipasua neopreni, yaani ule mpira wa suti. Unapandisha mapajani mpaka ikae sawa kabla hujaenda kifuani. Ukiacha pengo pale katikati utatembea kama bata. Dakika 25. Nikaingiza mikono, nikafunga zipu hadi kooni, nikasimama mbele ya kioo.

Zipu ya suti kama ile hukaa mgongoni. Ina utepe mrefu ili mtu aupitishe juu ya bega na kuivuta mwenyewe. Mimi utepe niliuona, nikadhani ni wa kuanikia. Na magotini suti hizi zina viraka vinene vya kukinga mwamba. Vyangu vilikuwa nyuma ya magoti, na kila nikijaribu kukaa vinaninyanyua. Kola imenikaba kama konda anayedai nauli. Nikashika zipu niifungue, ikateremka inchi moja, ikameza ule ulimi wa mpira ulio nyuma yake, ikakwama.

Mimi nakaa orofa ya nne, chini ya mabati, na ilikuwa saa nane mchana. Jasho likaanza. Dawa ya neopreni iliyokung'ang'ania ni maji: unayamimina kolani, yanashuka ndani, mpira unaachia ngozi. Lakini mtaani kwetu maji hufunguliwa Alhamisi, na ile ilikuwa Jumamosi. Nikabeba mtungi wa lita 20, nikashuka ngazi nne bila kukunja goti. Mtoto wa jirani alinitazama, akaingia kwao, akafunga mlango, nikasikia na komeo.

Pale getini mzee wa ulinzi akanyanyuka kitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa stima ama wa maji?"

"Ni mimi, wa nyumba 14."

Akanizunguka mara moja, pole pole. "Kijana wangu, nani amekufanyia hivi?"

Wazo lake la kwanza lilikuwa panga. Nikamsihi, nimelipa 1,200. Basi akaingia kibandani akatoka na kipande cha mshumaa, akausugua kwenye meno ya zipu juu na chini, akachomoa ule ulimi kwa ncha ya ufunguo, na zipu ikashuka kama imetoka kiwandani. Kijana wa mkokoteni akaleta maji, nusu mtungi ukaingia kolani pamoja na sabuni ya vyombo. Mzee akavuta mikono ya suti, kijana wa mkokoteni akanishika kiuno, nikatoka kama muwa uliomenywa. Watu wa kibanda cha chapati walipiga makofi.

Jumapili nikaenda bwawani kwa mazoezi, zipu mgongoni, kichwa juu. Sikuzama. Neopreni ni mpira uliojaa viputo vya gesi, na viputo vinaelea. Baharini, kina cha mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, viputo vinasinyaa na suti inapungua nguvu ya kuelea. Bwawa la mita mbili haliwezi hilo. Tena Nairobi tuko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, viputo vinatanuka kidogo, kama pakiti ya krips unayonunua Mombasa ikafika huku imefura. (Kwa sababu hiyohiyo, maana hewa nyepesi hutanua na gesi iliyobaki mwilini, ukishazamia usipande treni ya kurudi Nairobi siku ileile. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, subiri angalau saa 18 kama mtu wa ndege.) Kilo 4 za risasi, ile metali nzito ya kukuzamisha, kiunoni, naelea. Kilo 6, naelea. Kwa kilo 8 miguu ikaenda chini, makalio yakabaki juu, na mwalimu akaomba tupumzike kwanza, acheke.

Alipomaliza akaniambia bahari ya Diani ni nyuzi 25 hadi 29. Milimita 3 zinatosha, tena ile fupi.

Suti nilimuuzia mtu wa bodaboda wa pale stejini, shilingi 700. Aliivaa Aprili mvua ilipoanza, zipu mbele, na kwa kweli inamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Amenisimamisha mara moja tu kuuliza ule utepe ni wa nini. Nikamwambia ni wa kuanikia.