Floraidi ya maji na saratani ya mifupa: waulizaji hawakustahili kuchekwa

Mtu akiuliza kama floraidi, madini yanayotiwa kwenye maji ya bomba ili meno yasioze, inaweza kuleta saratani ya mifupa, mara nyingi hajibiwi, anachekwa. Hapo tunamkosea, kwa sababu swali hili lilitoka maabara, halikutoka vijiweni.

Tazama mwili wenyewe. Asilimia 99 ya floraidi iliyomo mwilini imo kwenye mifupa na meno, na madini hayo huchochea seli zinazojenga mfupa. Osteosakoma ni saratani ya seli hizohizo, nayo huwapata zaidi vijana wanaorefuka kwa kasi, wavulana kuliko wasichana. Mwaka 1990, Mpango wa Taifa wa Elimu ya Sumu wa Marekani uliripoti uvimbe huo kwa panya dume wachache walionyweshwa floraidi. Watafiti waliuita ushahidi usio wazi, na dozi ilifika miligramu 79 kwa lita. Kiwango ambacho Marekani ilipendekeza mwaka 2015 kwa maji ya bomba yanayotiwa floraidi ni 0.7.

Kisha mwaka 2006 Elise Bassin na wenzake wa Harvard wakalinganisha wagonjwa 103 wa chini ya miaka 20 na watu 215 wasio na ugonjwa huo. Kwa wavulana waliokunywa maji yenye floraidi kamili wakiwa na miaka 7, uwezekano wa kuugua ulikuwa mara 5 na zaidi ya ule wa wavulana waliokunywa maji yenye floraidi kidogo. Ni kweli makadirio yenyewe yanayumba, kuanzia mara 1.5 hadi karibu 20, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache. Lakini umri huo haukuokotwa hovyo: ni miaka ambayo mfupa wa mtoto unakua.

Jibu lililokuja mwaka 2011 ndilo linalonisumbua. Watafiti walipima floraidi kwenye mifupa ya wagonjwa 137 na kuilinganisha na ya watu 51 wenye uvimbe mwingine wa saratani, hawakuona tofauti. Wengi wakasema mjadala umekwisha. Ila mfupa ni kama kibubu: ukikivunja unajua jumla ya akiba, hujui kila sarafu iliingia siku gani. Bassin aliuliza kuhusu umri wa miaka 7, akajibiwa kuhusu maisha mazima.

Utafiti wenye uzito zaidi, kwangu, ni wa Uingereza wa mwaka 2014. Ulihesabu wagonjwa 2,566 wa osteosakoma kati ya 1980 na 2005, na maeneo yenye floraidi nyingi hayakuwa na wagonjwa zaidi ya mengine. Nao ulitegemea mahali mgonjwa alipoishi alipogunduliwa, si alipokulia. Hata hivyo, hatari kubwa ingeacha alama katika umati kama huo. Ugonjwa wenyewe huwapata watoto na vijana 4 au 5 tu kwa milioni kila mwaka, ilhali meno yaliyooza yanawatesa watoto kila mahali.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuacha kutia floraidi kwa hofu ya saratani hii. Mzazi mwenye mvulana wa miaka 7 akiniuliza, nitamwambia ampe maji ya bomba. Nitamweleza pia habari za ile mara 5, na kwa nini haikunibadilisha uamuzi.