Bangi leo, unga kesho?

Waulize watumiaji wa heroini walianzia wapi, na wengi watataja sigara, pombe, kisha bangi. Hapo ndipo inapozaliwa hoja ya "mlango": anayeonja kitu chepesi ameshashika kitasa cha kizito. Kasoro ni kwamba swali limeulizwa kuanzia mwisho wa safari. Wanaohojiwa ni wale waliofika tu. Walioshuka njiani hawamo.

Tazama hesabu ya Marekani ya mwaka 2002 hadi 2011. Kati ya watu 5 waliokuwa wameanza heroini karibuni, takribani 4 walikuwa wamekwisha kutumia vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni kinyume na maelekezo ya daktari. Takwimu hizohizo zikisomwa kuanzia mwanzo, waliovamia vidonge hivyo na kuingia kwenye heroini ndani ya miaka 5 ni asilimia 3.6, yaani 36 katika kila 1,000. Hapo kila upande huchukua namba inayoufaa na kuficha ya pili. Lakini ipo ya tatu: walioanza na vidonge waliingia kwenye heroini kwa kiwango cha mara 19 hivi kuliko wasiovigusa. Wengi hawafiki, na hata hivyo hatari imepanda sana. Mjadala wa kweli unaanzia hapo.

Hoja yenyewe ilipata sura ya kitaalamu mwaka 1975, mtafiti Denise Kandel alipoonyesha kwamba vijana wa Marekani hufuata mpangilio: bia na mvinyo, kisha sigara au pombe kali, kisha bangi, ndipo dawa nyingine haramu. Ila mpangilio si sababu. Kijana huanza na kilicho karibu na mkono wake, na bia iko karibu kuliko kokeini. Nchini Japani, ambako bangi ni adimu, wengi wa waliotumia dawa nyingine haramu hawakupitia bangi kwanza. Kama bangi ingekuwa ngazi ya lazima, watu hao walipandaje?

Wanaotetea mlango hawakosi ushahidi, na ushahidi wao wenye nguvu zaidi unaihusu sigara, jambo linalosahaulika kila bangi inapotajwa. Mwaka 2011 kundi la Denise Kandel na mumewe Eric Kandel, mshindi wa Nobel ya mwaka 2000, liliwapa panya nikotini kwenye maji ya kunywa kwa siku 7, kisha kokeini. Nikotini ililegeza histoni, zile protini ambazo uzi wa DNA hujizungusha juu yake; jeni iitwayo FosB ikaamka kwa nguvu zaidi kokeini ilipoingia, na panya wakaipenda kokeini kuliko wenzao waliokunywa maji matupu. Mpangilio ulipogeuzwa, kokeini kwanza na nikotini baadaye, athari hiyo haikuonekana. Ni jaribio safi. Ila panya hana marafiki wa kijiweni, hana deni wala muuzaji, na nikotini hakujichagulia.

Kwa binadamu, kazi nzuri ni ya mapacha wa Australia iliyotoka mwaka 2003: jozi 311, ambamo mmoja alivuta bangi kabla ya kutimiza miaka 17 na mwenzake hakuvuta. Nyumba moja, wazazi walewale. Uwezekano wa aliyevuta mapema kutumia dawa nyingine au kuwa na tatizo la pombe au dawa ulikuwa mara 2.1 hadi 5.2 ya mwenzake. Ni pigo kwa wanaosema yote ni malezi na damu. Bado kuna upenyo: mapacha hawashiriki marafiki wote, na aliyevuta mapema huenda alikuwa tayari kwenye kundi lenye vitu vingine.

Upande wa pili unasema hakuna mlango, kuna mtu. Mwenye papara, aliyeumizwa utotoni, anayetafuta msisimko, atagusa kila kinachopita mbele yake, na chepesi hupita kwanza. Mwaka 2002 watafiti wa taasisi ya RAND walitengeneza modeli ya hesabu yenye vitu viwili tu, mwelekeo wa mtu wa kupenda dawa na umri anaokutana nazo, bila kuweka athari yoyote ya bangi. Modeli ikatoa mpangilio uleule unaoonekana mitaani. Tuelewane: haikuthibitisha kwamba mlango haupo, ilionyesha tu kwamba unaweza kuieleza hali yote bila kuuhitaji.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinamsahau muuzaji. Anayefuata msokoto kwa mtu aliye na kete za unga mfuko wa pili hahitaji badiliko lolote la ubongo ili aonjeshwe. Inatosha bangi iadimike siku moja. Ndiyo fikra iliyoiongoza Uholanzi tangu mwaka 1976, ilipozitenga bangi na dawa kali kisheria, kisha ikavumilia maduka yanayouza bangi isiyozidi gramu 5 kwa mteja na yasiyoruhusiwa kuwa na dawa kali. Kokeini haikutoweka Uholanzi, lakini mvutaji wa kawaida hana haja ya kumjua anayeiuza.

Basi swali la maana kwa mzazi au mshauri si "amewahi kuvuta?" Muulize alianza na miaka mingapi, anavuta mara ngapi, anachukua kwa nani, na anachanganya na nini. Utafiti wa Christchurch, New Zealand, uliofuata watoto waliozaliwa mwaka 1977, uliona hatari ikipanda kadiri mara za kuvuta zinavyoongezeka: waliovuta zaidi ya mara 50 kwa mwaka wako mbali kabisa na aliyejaribu mara mbili. Ukimwambia huyu wa mara mbili kwamba kesho atajidunga, kesho itafika na hajajidunga, na siku utakapomwonya juu ya unga wenyewe hatakusikiliza.

Mahali ambapo nakubali mlango upo ni kwenye afyuni, na hapo maneno "nyepesi" na "nzito" yanatudanganya. Kodeini ya sharubati ya kikohozi hugeuzwa kwa sehemu kuwa mofini ndani ya ini. Heroini nayo ikiingia mwilini huishia kuwa mofini. Ni ndugu wa tumbo moja, tofauti ni kasi na nguvu. Mwili ukizoea, vidonge 2 havitoshi, vinakuwa 4, gharama inapanda, na vikikosekana arosto inabisha: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kukimbia. Unga unaituliza ileile.

Zaidi ya hapo, kuufunga mlango wa kitu kidogo kunaweza kumsukuma mtu kwenye kikubwa. Mwaka 2010 OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni, ilibadilishwa umbo nchini Marekani ili isipondeke kirahisi. Wengine waliokuwa wakiiponda waliacha, na wengine wakahamia heroini. Ndiyo maana aliyekwisha kuzoea vidonge hakatwi ghafla. Kwa aliyetumia mwaka mzima au zaidi, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unapendekeza kupunguza asilimia 10 ya dozi kwa mwezi au polepole zaidi, chini ya uangalizi. Na aliyeacha kisha akarudia dozi yake ya zamani yuko hatarini kuliko alipokuwa akitumia kila siku, kwa sababu mwili umeshausahau uzoefu wake: dozi iliyokuwa ya kutuliza arosto sasa inaweza kusimamisha pumzi.