Hapa Hakuna Bosi

Jamani, mwenzenu nilitaka kutoboa tundu moja tu. Ubao mmoja, tundu moja, nipitishe boliti, nikaze nati, nikalale. Mtu akaniambia ya nini kununua keekee kwa ajili ya tundu moja, nenda kajiunge na karakana ya jamii. Mashine zote zipo, wanachama wanachangia ada, kila kitu kinaendeshwa na watu wa kujitolea. Halafu akaongeza maneno yaliyonimaliza: "Na hakuna bosi."

Mimi ambaye nimeamrishwa tangu nipate akili, nisikie hakuna bosi? Nilijaza fomu bila kuisoma.

Ningeisoma ningejua kwamba pasipo na bosi, kila mtu anajikatia kipande chake cha ubosi. Yuko mhusika wa leza, ile mashine ya kukata kwa mwanga, mhusika wa msumeno wa meza, mhusika wa cherehani, mhusika wa rafu ya skrubu. Yuko hata mhusika wa swichi ya taa ya nyuma, maana yeye ndiye aliyeifunga na hapendi watu wanavyoibonyeza. Kazini kwangu nina bosi mmoja, nikimkwepa kwenye korido siku imepita. Hapa ukimkwepa mhusika wa leza unaangukia mikononi mwa mhusika wa usafi.

Tena usafi ndio usiseme. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga wale hawakuwahi kujiunga na karakana ya kujitolea. Niliingia na ubao wangu kwapani nikapokewa kwa tabasamu na fagio. Eti chini ya msumeno kumejaa vumbi la mbao, na hapa sote ni wenye nyumba. Nikauliza wenye nyumba wengine wako wapi. Wakacheka sana, nikafagia peke yangu. Sijafika katikati, akatokea mwingine anapiga kelele: "Usifagie! Unalirusha hewani! Vumbi laini la mbao likiingia mapafuni halitoki kirahisi, linafyonzwa kwa mashine!" Haya, niko tayari, mashine ya kufyonza iko wapi? Akanitazama kwa huruma. "Umeshapata mafunzo yake?"

Mafunzo. Hapo ndipo roho yangu ilipo. Sheria ni kwamba hugusi mashine kabla ya kufundishwa mashine hiyohiyo, na anayekufundisha ni mhusika wake, na mhusika ni mtu wa kujitolea, maana yake yupo akiwepo. Huwezi kumgombeza, humlipi. Ana kazi yake, ana watoto, ana mgongo. Mwalimu wa keekee ya mezani, ambayo ndiyo pekee niliyoifuata pale, hapatikani. Ukimuulizia unaambiwa alikuwepo jana. Kwa hiyo mwenzenu, katika kumsubiri, nimefuzu leza, nimefuzu printa ya 3D, ile ya kuchapa vitu vya plastiki, nimefuzu cherehani ya kushonea ngozi, na kutoboa tundu bado sina ruhusa.

Ngoja, nisiseme uongo, niliwahi kumpata kidogo. Nilikuja na glavu nene, mpya, nimejiandaa kiume. Kabla sijamsalimia akasema, "Vua." Kumbe kwenye kitu kinachozunguka, glavu ni adui. Mkono mtupu ukiguswa unachubuka; glavu ikinaswa haiachii, inavutwa pamoja na vidole vilivyomo ndani yake. Nikavua. "Na saa." Nikavua. "Na pete." Hiyo ya pete niliomba tuiandike mahali, nikirudi nyumbani bila pete nipate ushahidi. Mikono ya shati ikunjwe, kamba ya kofia ya sweta itolewe. Kisha akanivisha miwani ya kinga juu ya miwani yangu ya kusomea, nikawa namwona yeye wawili na keekee tatu. Akanieleza ubao lazima ubanwe kwenye meza, usishikwe kwa mkono, kwa sababu ncha ikiung'ang'ania utazunguka nao na kukukata tumbo. Nikabana. Nikashusha pumzi. Simu yake ikaita, akatoka, na mafunzo nusu hayahesabiki.

Ukuta mzima umejaa sheria. Wenzetu wa San Francisco wana karakana inaitwa Noisebridge, ipo tangu 2007, na kanuni yao kuu ni moja tu: muwe watu wazuri baina yenu. Berlin kuna c-base, nayo ya aina hiyohiyo, ipo tangu 1995, na mpaka leo inadunda. Sisi karatasi za matangazo ni nyingi hadi kuna tangazo linalokataza kubandika matangazo juu ya matangazo, nalo limebandikwa juu ya tangazo la njia ya kutokea moto ukizuka.

Nyingine nazikubali, sikatai. Leza kwa mfano. Ile ya kukatia ni ya kaboni dioksidi, mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, hauonekani kabisa kwa macho, kwa hiyo hata ikikukosea adabu hutajua imetokea upande gani. Nilileta kipande cha plastiki nilichookota, kizuri, cheupe, nikitaka kukata herufi za jina langu. Mhusika wa leza, dada mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alinipokonya mkononi. Akasema ikiwa ni PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, leza ikiipiga inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ikikutana na unyevu inakuwa asidi, inakula mapafu kisha inakula mashine. Na nilivyomsoma usoni, kilichomuuma zaidi ni mashine. Akriliki ruksa, mbao ruksa, kadibodi ruksa ukiwa macho. Sasa mimi nitajuaje plastiki ipi ni ipi, zote si nyeupe? Akachukua waya wa shaba, akaupasha mpaka ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye kile kipande, akaurudisha kwenye mwali. Ukawaka kijani, kijani cha kupendeza kabisa. "Klorini," akasema, akakitupa kipande changu pipani. Nimefundishwa kemia mbele za watu nikiwa na umri huu, na herufi zangu nimekosa.

Halafu msiniulize habari za printa ya 3D. Mwaka 2005 mhandisi mmoja wa Uingereza, Adrian Bowyer, pale Chuo Kikuu cha Bath, alianzisha mradi wa RepRap, printa ya kujichapia sehemu zake yenyewe. Kisha mwaka 2009 hataza kuu, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige, ya teknolojia ile ya kuyeyusha uzi wa plastiki ikaisha muda, ndipo printa zikashuka bei na kuenea kila kona. Mawazo mazuri sana. Ila ya kwetu imeyashika mawazo ya Bowyer kichwani moja kwa moja: haichapi kitu cha mtu. Kila nikipita inachapa kijipande cha kujitengeneza yenyewe. Leo kishikio cha feni yake, kesho kiongozi cha uzi wake, keshokutwa inatengeneza mbadala wa kile kishikio maana kilipinda. Inapanda tabaka la milimita 0.2, inashuka, inapanda. Kijana wake amekaa mbele yake anaitazama kwa mapenzi. Nikamuuliza ikipona kabisa utachapa nini? Hakuelewa swali.

Kwenye kona ya cherehani kuna mkasi. Nao umefungwa mnyororo. Nilidhani ni kwa ajili ya wezi, kumbe ni kwa ajili yangu mimi na wenzangu tunaokata karatasi. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, kwa sababu karatasi hutiwa unga wa madini kuifanya iwe laini na nyeupe, na unga ule unaua makali. Mimi kosa langu ni kuusogelea nikiwa nimeshika bahasha. Bahasha tu, sijaikata! Mama wa cherehani akasimama. Nikaiweka bahasha chini taratibu, mikono ikionekana.

Lakini linalonikera kuliko yote ni misaada. Watu wa nje wakisikia kuna karakana ya kujitolea, wanafungua stoo zao wanalia kwa ukarimu. Televisheni za kioo cha mgongo mkubwa, printa za ofisi zilizokufa zamani, kompyuta zisizo na tumbo, boksi la chaja ambazo simu zake zilishatangulia mbele ya haki. "Nyinyi mafundi mtaona la kufanya." Na wanachama wanapokea! Kila kitu "kitafaa siku moja". Huyu anataka mota, yule anataka sumaku, mwingine anataka tu kujua kwamba kipo. Ukitupa, siku ileile anatokea mtu aliyekuwa anakihitaji kwa moyo wake wote tangu mwaka juzi. Nafasi ya kuweka ubao wangu haipo, imebidi niuandike jina, simu na tarehe, na ikipita tarehe bila mimi kuongeza nyingine ubao unakuwa mali ya umma. Zile televisheni hazina jina wala tarehe, kwa hiyo hakuna wa kuzitoa. Asiye na karatasi ndiye mwenye makazi ya kudumu.

Basi nikapeleka suala hilo kwenye kikao. Kikao cha wanachama ni kwa makubaliano, hatupigi kura ovyo, tunaongea mpaka wote turidhike au wote tuchoke. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, alieleza jinsi kamati inavyopitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika chache kwa sababu hakuna anayeuelewa, kisha ikagombania banda la baiskeli kwa muda mrefu kwa sababu kila mtu analielewa. Naapa alikaa kwetu. Kubadilisha nyaya za umeme jengo zima: fundi akaeleza, wote tukatikisa vichwa, imepita. Mfumo wa kutolea moshi wa leza: imepita. Ndoo ya vitambaa iwe rangi gani? Hapo watu wakavua makoti. Wa kwanza nyekundu, kwa kuwa ni hatari. Wa pili akasema nyekundu ni ya mitungi ya kuzimia moto, tutachanganya watu. Wa tatu akauliza wasioona vizuri rangi tumewafikiria? Wa nne akasema yeye hapingi rangi, anapinga utaratibu. Televisheni zangu zikaahirishwa.

Na mimi, kwa kutaka tu kikao kiishe, nikauliza kwani vitambaa vina nini hata viwe na ndoo yao? Pakawa kimya. Kumbe anayepaka mbao mafuta ya kitani akirundika vitambaa vyake vilivyolowa, vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti wala cheche. Yale mafuta hayakauki kwa kupeperuka kama maji, yanakauka kwa kushikana na oksijeni, na kushikana huko kunatoa joto. Kitambaa kilichoanikwa peke yake joto linapotea, lakini kwenye rundo halina pa kutokea, linapanda, linapanda, usiku karakana inabaki majivu. Ndiyo maana vinawekwa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, au vinatandazwa nje vikauke. Nikasema, basi afadhali awepo mtu wa kuviangalia kila jioni. Ulimi huu! Katibu alishaandika kabla sijafunga mdomo. Pale hakuna kulalamika bure. Ukiona tatizo umeshaliokota. Mimi sasa ni Mhusika wa Vitambaa. Nyumbani mama watoto ameniuliza, huko unakoshinda wamekupa cheo gani? Nimemwambia niko kitengo cha usalama.

Ila nimepewa ufunguo. Kuna wanachama wamekaa pale hadi wakaota mvi hawana ufunguo, mimi ninao kwa sababu ya ndoo. Na ukiwa na ufunguo ndiyo umekwisha: anayetaka kufungua usiku anakupigia wewe, anayetaka kufunga anakupigia wewe, aliyesahau miwani anakupigia wewe, wakati wa chakula.

Hata sasa hivi nawaambia haya nikiwa nimekaa kwenye stuli mbele ya leza. Kazi si yangu. Yupo jamaa anakata vipande mia vya kadibodi, akasema anatoka dakika tano. Na sheria namba moja ya leza, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ni kwamba haiachwi peke yake ikikata, hata kidogo, maana kadibodi ikishika moto mle ndani hakuna king'ora kitakachokuamsha. Lazima akae mtu aliyefuzu leza. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Aliyefuzu ni nani? Ni mimi. Mwalimu wa keekee amepita hapo mbele yangu sasa hivi, kwa macho yangu haya, ana nafasi, anapiga mluzi, akanipungia mkono akasema, "Twende nikumalizie mafunzo yako!" Nami siwezi kunyanyuka! Nimembembeleza angoje, akasema atakuwepo mpaka saa mbili, saa mbili ni sasa, nasikia anawasha pikipiki.

We kaka! We mwenye kadibodi! Dakika tano za wapi hizo? Hebu — ah, kuna kamwali kanacheza hapo pembeni. Haya, nani alihamisha mtungi wa kuzimia moto?