Mita kumi za mchanga

Ami yangu alipata kiharusi, na tangu hapo bahari huitazama akiwa ndani ya gari. Huyu ni mtu aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Siku moja tukasema liwe liwalo, tukampeleka ufuoni kaskazini mwa Mombasa. Kiti chake cha magurudumu kilikwenda vizuri mpaka lami ilipoishia. Kufika kwenye mchanga mkavu, magurudumu ya mbele yakazama. Vijana wanne wanaokodisha maboya wakaja bila kuitwa, wakamnyanyua na kiti chake mpaka majini. Watu walishangilia, naye alicheka. Wakati wa kurudi akaniambia taratibu: "Kubebwa mabegani kuna siku yake."

Wapo wanaosema vijana wale ndio jibu lenyewe. Kwetu watu wapo, mikono ipo. Ya nini kumwaga saruji ufuoni kwa ajili ya wachache? Hoja hii naiheshimu kuliko wengi wanavyodhani. Rampu, yaani mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu, haimdaki mzee anayeteleza. Na bahari yetu haina simile: chumvi hula chuma, kusi huhamisha mchanga, na mbao zisipochukuliwa na maji huchukuliwa na watu. Ugiriki wana kiti kinachoteleza juu ya reli mpaka majini kwa nguvu za jua. Lakini Mediterania maji hayapandi wala kushuka sana. Hapa wakati wa bamvua, maji yakijaa na yakipwa hupishana kwa zaidi ya mita 3. Reli kama hiyo asubuhi ingefika majini na adhuhuri ingeishia kwenye mwani.

Tatizo la mikono ni kwamba lazima uiombe. Jumapili ipo, Jumanne asubuhi haipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na ibara ya 57 inawataja wazee, washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima. Haki ya namna hiyo haiwezi kutegemea kama leo wakodisha maboya wameamka vizuri.

Tazama bustani ya Mama Ngina mjini Mombasa, pale mlangoni mwa bandari ya Kilindini. Tangu pakarabatiwe na kufunguliwa Oktoba 2019, jioni utaona bibi na mkongojo wake chini ya mibuyu, mjukuu ana mihogo ya kukaanga, meli zinapita karibu kiasi cha kusoma majina yake. Wapo wanaolalamika kwamba saruji imeua ladha ya zamani. Nawasikia, ingawa wengi wao nikiwatazama naona magoti yao bado mazima. Lakini pale ni juu ya mwamba: bahari unaiona, huigusi.

Na ufuoni kizuizi ni kidogo kuliko kelele zake. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu, na kiti hupita. Shida ni ule ukanda mkavu kati ya lami na mchanga mbichi, kama mita 10 pale tulipokwama, ambao hata mkokoteni wa madafu unaukwepa. Mkeka mzito wa plastiki, wa kukunjuliwa asubuhi na kukunjwa jioni, ungetosha. Bamvua haiukuti, mwizi haukuti. Wa kuukunjua ni wale wale vijana wa maboya, walipwe na kaunti, badala ya kungoja huruma iwashike.

Hata hivyo mkeka bila choo ni kazi bure. Mzee asiyejua atajisaidia wapi hatoki nyumbani. Na hapa mafundi wetu hutuangusha. Kipimo cha rampu ya mlangoni kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kidaraja cha ngazi chenye kimo cha sentimita 15 kinataka mteremko wa urefu wa mita 1.8. Fundi huweka nusu mita, mwinuko kama paa la makuti, kisha jengo linahesabiwa kuwa limezingatia walemavu. Afadhali kidaraja, angalau hakidanganyi.

Siku hizi ami huniuliza maji yanakupwa saa ngapi. Simuulizi sababu. Juzi nilirudi pale peke yangu nikaupima ule mchanga kwa hatua: kumi na tatu.