Mlango wenye komeo: vyoo vya shule, watoto waliobadili jinsia, na sisi wa Bukavu

Mtoto aliyeandikishwa kuwa mvulana siku alipozaliwa, lakini anajitambua na kuishi kama msichana, aingie choo kipi shuleni? Na siku ya michezo, abadilishie nguo zake katika chumba kipi? Wamarekani wamelibishania swali hili kwa zaidi ya miaka kumi, mahakamani, katika mabunge ya majimbo na kwenye kampeni za urais. Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, linatufikia vipande vipande, kwa video fupi za simu na kwa mahubiri, na mara nyingi linafika likiwa na jibu lake tayari: wazungu wamechanganyikiwa, tusipoteze muda. Mimi naona jibu hilo linatunyima kitu. Ndani ya mzozo huo kuna hoja nzito za pande zote mbili, na mojawapo inazigusa shule zetu za Kadutu, Bagira na Panzi kuliko inavyozigusa shule za Virginia.

Tuanze huko kesi ziliposikilizwa. Sheria inayobishaniwa ni ya 1972, maarufu kama Title IX. Inakataza shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya jinsia. Lakini kanuni zake zinaruhusu shule kutenga vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, vya wavulana mbali na vya wasichana mbali, mradi viwe vya hali moja. Je, kumzuia msichana aliyebadili jinsia, yaani mtoto kama yule niliyeanza naye, asiingie choo cha wasichana ni ubaguzi ambao sheria inaukataza, au ni utengano ambao kanuni inauruhusu? Mzozo wote umekaa hapo.

Jibu limekuwa likigeuka kila rais mpya anapoingia Washington. Mei 2016 serikali ya Barack Obama iliziandikia shule kwamba mwanafunzi atumie choo kinacholingana na jinsia anayojitambua nayo. Februari 2017 serikali ya Donald Trump ikaufuta waraka huo. Mwaka 2024 Joe Biden akaleta kanuni iliyorudi upande wa wanafunzi hao. Januari 2025 jaji mmoja wa Kentucky akaibatilisha, na siku chache baadaye Trump, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, akatia sahihi amri inayotambua jinsia mbili tu. Mahakama nazo hazikupatana. Mahakama ya rufaa inayohudumia Virginia iliamua 2020 kwamba mwanafunzi alibaguliwa. Ile inayohudumia Florida, mwishoni mwa Desemba 2022, kwa majaji 7 dhidi ya 4, ikaona shule haikuvunja sheria. Watoto wawili wa nchi moja, chini ya sheria ileile, wakarudi nyumbani na majibu yanayopingana.

Kesi ya Virginia inastahili kutazamwa kwa karibu. Gavin Grimm wa kaunti ya Gloucester, mvulana aliyebadili jinsia, yaani aliyeandikishwa kuwa msichana alipozaliwa, alitumia choo cha wavulana mwaka 2014 kwa majuma kadhaa, kwa idhini ya mkuu wa shule, bila tukio lolote. Wazazi waliposikia, wakalalamika, na Desemba mwaka huo bodi ya shule ikapiga kura kumzuia. Shule ikatengeneza vyoo vya mtu mmojammoja ambavyo kila mwanafunzi angeweza kuvitumia. Kwa mtu aliye mbali hiyo ni suluhisho. Kwake ilikuwa alama: wenzake wote walijua choo kile kimejengwa kwa ajili ya nani na kwa sababu gani. Akawa anakwenda kwa nesi, au anabana mkojo hadi jioni, na kumbukumbu za mahakama zinaeleza kwamba alipata maambukizi ya njia ya mkojo. Alishinda 2020, na Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya bodi. Wakati huo alikuwa amekwisha kumaliza sekondari miaka minne nyuma. Haki ilifika, ila haikumkuta tena shuleni.

Nikisoma habari ya mtoto anayebana mkojo hadi jioni, siwezi kuendelea kuiona kama habari ya ng'ambo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa shule ni tundu 1 la choo kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila wavulana 50. Mzazi wa Kadutu anayesoma mstari huo atatikisa kichwa. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yalifurika watoto, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini vyoo havikuongezeka kwa kasi hiyo. Viwanja vya shule zetu vimebanwa kwenye miteremko, maji ya bomba yanakatika, na majengo mengi yanapokea zamu mbili kwa siku, ya asubuhi na ya mchana. Wako wasichana wasiokunywa maji asubuhi ili wasihitaji kwenda choo. Wako wanaokwenda wawili wawili, mmoja ameingia na mwenzake ameushikilia mlango kwa nje, kwa kuwa komeo lilikwisha kung'oka. Siku za hedhi wengine hubaki nyumbani.

Kwa hiyo mama wa Bukavu anaposema hataki mtu yeyote mwenye mwili wa kiume katika choo cha binti yake, tusikimbilie kumwita mwenye chuki. Vyoo tofauti kwa wasichana katika nchi yetu havikutoka kwenye ubaguzi. Vilipiganiwa. Wanawake waliotaka binti zetu wamalize shule, na miradi ya usafi wa shule iliyokuja baadaye, walilirudia jambo hilohilo: msichana apate choo chake, chenye mlango, mbali na cha wavulana. Na hapa ni Kivu. Hospitali ya Panzi, ambayo kazi ya Daktari Denis Mukwege huko, ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Amani 2018, iko ndani ya mji wetu huu. Mji uliotibu majeraha ya wanawake wengi kiasi hicho una haki ya kuwa mkali juu ya mahali mtoto wa kike anapovua nguo. Hoja ya majaji wengi wa kesi ya Florida ilijengwa juu ya msingi wa jirani na huo: faragha ya mwili mbele ya watu wa jinsia nyingine ni haki ya zamani, na mtoto wa miaka 13 hahitaji kueleza kwa nini anaona haya.

Hoja ya faragha ina nguvu, nami naikubali. Lakini mara nyingi hufungwa pamoja na hoja nyingine, ile ya hatari: kwamba kumruhusu mtoto aliyebadili jinsia ni kuwafungulia wabakaji mlango. Hiyo siikubali, maana ushahidi hauiegemei. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu Massachusetts ulilinganisha miji iliyowapa waliobadili jinsia ruhusa ya kisheria ya kutumia vyoo hivyo na miji isiyowapa, na haukuona makosa ya jinai yakiongezeka kwenye vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo. Tukio linalotajwa sana ni la kaunti ya Loudoun, Virginia, ambako Mei 2021 msichana alishambuliwa na mvulana ndani ya choo cha wasichana shuleni. Lilikuwa kosa la kweli, mahakama ilimtia hatiani aliyelitenda, na viongozi wa shule walistahili lawama kwa namna walivyolishughulikia. Lakini sera inayolaumiwa, ya kuwaruhusu wanafunzi waliobadili jinsia watumie choo cha jinsia wanayojitambua nayo, ilipitishwa Agosti, miezi miwili na zaidi baada ya tukio. Kwa upande wa pili, utafiti uliotoka 2019 katika jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics, uliwauliza vijana zaidi ya 3,600 wa miaka 13 hadi 17 wasiojitambua na jinsia waliyoandikishwa nayo. Zaidi ya robo walisema walidhulumiwa kingono katika mwaka uliotangulia, na hali ilikuwa mbaya zaidi pale shule zilipowazuia vyoo walivyovihitaji. Vijana hao walijibu kwa hiari kupitia intaneti, kwa hiyo hatuwezi kuichukua namba hiyo kama hesabu ya wote. Hata hivyo, inaonyesha ni nani anayeogopa zaidi kwenye korido.

Watetezi wa wanafunzi hao nao wana kosa lao. Wakishaibomoa hoja ya hatari, hudhani wamejibu kila kitu. Msichana anayesema “sitaki kuvua nguo mbele yake” hajasema “atanibaka”. Amesema jambo jingine, nalo linadai jibu lake.

Jibu lililo karibu zaidi na la kweli, kwa maoni yangu, linatoka kwa mafundi ujenzi kuliko kwa majaji. Uingereza, kanuni za majengo ya shule za 2012 zinataka vyoo tofauti kwa wavulana na wasichana kuanzia miaka 8, isipokuwa choo kikiwa ndani ya chumba kinachofungwa kwa ndani na kutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba pale palipo na chumba kamili, ugomvi wa nani yuko pembeni yangu unapungua sana. Lakini Palatine, jimbo la Illinois, inatuonya. Mwaka 2015 wilaya ya shule ilikubaliana na serikali kuu kwamba msichana aliyebadili jinsia aingie chumba cha kubadilishia nguo cha wasichana, na mapazia ya faragha yawekwe. Mara likazuka swali jipya: pazia ni la yeyote anayelitaka, au yeye ndiye anayelazimishwa kukaa nyuma yake? Familia nyingine zikaenda mahakamani 2016, na haikuwa hadi Novemba 2019 bodi ilipopiga kura kumwacha kila mwanafunzi aingie bila sharti hilo. Pazia lililowekwa kwa ajili ya mtoto mmoja linamtangaza. Likiwa la wote halimtangazi mtu.

Je, tunaweza kulileta hilo Bukavu kama lilivyo, vyoo vya pamoja kwa wote? Mimi nasema hapana. Katika shule yenye watoto wengi na walimu wachache, eneo moja ambapo wavulana wa darasa la sita la sekondari na wasichana wa miaka 12 wanapanga foleni pamoja linaweza kuwa la hatari hata kama kila mlango una komeo. Safu ya wasichana ibaki, iwe yao, na iwe na milango. Ninachotaka kiongezwe ni vyumba vichache vya mtu mmoja, karibu na ofisi ya walimu, vyenye maji na komeo, na mtoto yeyote aingie bila kuulizwa sababu: mwenye ulemavu, anayeharisha, msichana aliye kwenye hedhi, mvulana mwenye haya. Na yule ambaye safu zote mbili ni mahali pa kupigwa. Kama vyumba hivyo vinatumiwa na watoto wengi kila siku, hakuna atakayejua huyu ameingia kwa sababu gani.

Yuko huyo mtoto? Yuko. Kila aliyesoma katika shule zetu anamkumbuka mvulana aliyeitwa mwanamke kwa sauti na mwendo wake, aliyengojewa na wenzake nyuma ya vyoo. Si kila mmoja wao amebadili jinsia, na wengi hawatabadili. Kinachowaunganisha ni kipigo. Katiba yetu ya 2006 inaitaja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti, na sidhani bunge la Kinshasa litageuka karibuni. Sehemu kubwa ya shule zinaendeshwa na makanisa chini ya mkataba wao na serikali wa Februari 1977, na msimamo wa Kanisa Katoliki unafahamika: waraka wa Vatican wa Aprili 2024, Dignitas infinita, unakataa kubadili jinsia. Prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, wa shule ya kikatoliki hatamfungulia mtoto huyo choo cha wasichana, na anayemdai afanye hivyo kesho asubuhi hamjui prefe. Lakini waraka huohuo unakataa mtu kubaguliwa bila haki na kufanyiwa ukatili, na sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inataka watoto wote walindwe sawa. Kuwatawanya wanaomngojea nyuma ya vyoo hakumtaki prefe abadili imani yake hata kidogo.

Wanafunzi waliobadili jinsia watasema, na Grimm alisema, kwamba mlango pekee hauwatoshi: wanataka kutambuliwa, kuhesabiwa miongoni mwa wenzao. Hilo chumba cha mtu mmoja hakilitoi, nami sitajifanya kwamba kinalitoa. Ni jibu la usalama na la afya. Swali la kutambuliwa linabaki wazi. Marekani wamelijaribu kwa amri na kwa kuzifuta amri, na waliolipa gharama ni watoto walioonyeshwa kwenye televisheni wakiwa na miaka 15, jina na sura.

Shule za bweni ni shida nyingine kabisa. Pale watoto wanalala chumba kimoja, wanaoga pamoja, na hakuna komeo linalogawa usiku. Hapo ningemwacha kila mtoto katika bweni la jinsia aliyoandikishwa nayo, isipokuwa mahali hapo pamekwisha kuwa pa kuumizwa. Ikiwa hivyo, apewe chumba pamoja na wachache wengine, kwa mashauriano na wazazi wake, na jambo hilo lisitangazwe kwenye mkutano wa asubuhi. Kwa shule za kutwa, komite za wazazi zinaweza kuanza mwaka huu wa masomo, zikitembelea vyoo zenyewe, mlango kwa mlango, na kuandika ni vingapi vinafungika kwa ndani.